Taarifa za gari hazionekani kwenye dashibodi: tafuta kitufe kabla ya kufungua geji

Mwongozo huu ni wa mwenye Vitz, IST, Passo, Premio, Fielder, Note, Demio, Fit au gari lolote lililotumika Japani kabla ya kushushwa Dar es Salaam au Mombasa. Magari hayo yanakuja na skrini zilizopangwa kwa ajili ya dereva wa Tokyo au Osaka: maandishi yake, saa yake, ramani yake. Ndiyo maana mwenye gari wa Mwanza au Nakuru anaweza kuliendesha miaka na miaka bila kujua kwamba lina ukurasa unaosema mafuta yaliyobaki yatamfikisha kilomita ngapi. Au anajua, lakini ukurasa umepotea, na wa kwanza kuulizwa anamwambia anunue geji nzima ya mtumba, yaani kile kisanduku chenye mishale na taa kilicho nyuma ya usukani.

Geji nzima ikibadilishwa, kumbukumbu ya kilomita za gari lako inaondoka nayo. Na mara nyingi kilichokosekana kilikuwa kubonyeza kitufe, au fyuzi ndogo, au waya wa sensa uliochomoka. Kwa hiyo kwa dalili yoyote angalia kwa mpangilio huu: ukurasa kwanza, umeme pili, sensa tatu, na geji yenyewe mwisho kabisa.

Kwanza jua ni skrini ipi

Gari la kawaida la Kijapani lina skrini mbili zisizotegemeana. Moja ni ndogo, iko ndani ya geji, nyuma ya usukani, karibu na mshale wa spidi. Nyingine ni kubwa, iko katikati, na wengi tunaiita redio. Taarifa za gari lenyewe, yaani kilomita, mafuta, joto na maonyo, makazi yake ni skrini ndogo. Redio ni kwa ajili ya muziki, ramani na kamera. Ikionyesha chochote kuhusu ulaji wa mafuta, imeletewa kutoka kwingine kwenye gari.

Tofauti hii inaokoa pesa. Redio ikifa, kilomita zako hazijaguswa. Ukiing'oa redio ya asili na kufunga ya Android, kurasa zilizokuwa zinaonekana kwenye skrini kubwa tu, mfano mchoro wa mtiririko wa umeme kwenye Prius na Aqua, zinaweza kuondoka nayo. Hapo geji haijaharibika. Kilichoondoka ni dirisha la kuzionea.

Vitufe vya skrini ndogo vinajificha sehemu chache tu. Kwenye Toyota za kawaida ni kijiti kinachochomoza kutoka kwenye kioo cha geji, kimeandikwa ODO/TRIP. Zenye vitufe kwenye usukani huwa na kilichoandikwa DISP. Mazda hupenda INFO, Honda za zamani SEL/RESET. Washa swichi hadi ON bila kupiga starti, kisha bonyeza kwa kifupi, mara moja moja, ukiangalia kila kinachobadilika. Kubonyeza kwa kifupi kunahamisha ukurasa. Kubonyeza na kushikilia kunafuta: TRIP inarudi sifuri, wastani wa mafuta unaanza upya. ODO, yaani kilomita zote za gari, haifutiki kwa namna hiyo, kwa hiyo usiogope kujaribu.

Kama hukuachiwa kitabu, fungua boneti au milango ya mbele utafute kibao cha bati au karatasi chenye namba ya modeli, mfano inayoanza na NCP au ZRE. Kutafuta maelezo kwa namba hiyo kunakupeleka kwenye gari lako hasa; kutafuta kwa jina la Vitz peke yake kunakuletea vizazi vitatu tofauti vyenye geji zisizofanana.

Dalili: kilomita zinazoonekana ni chache kupita kiasi

Gari la miaka kumi na mbili linaandika 3,412.6. Angalia hiyo nukta. Namba yenye sehemu ya kumi kwa kawaida ni TRIP A au TRIP B, vipimo vya safari ambavyo mtu yeyote huvirudisha sifuri. Kilomita zote za gari tangu litoke kiwandani ziko kwenye ODO, na ODO haina nukta. Ukiwa unanunua gari, bonyeza mwenyewe mpaka uione ODO. Usiridhike na picha ya geji uliyotumiwa kwenye simu kama neno ODO halionekani.

Ukishaiona, ifananishe na karatasi. Cheti cha kusafirishia gari nje ya Japani hubeba kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi, na karatasi ya mnada, kama ipo, huandika zake. Lakini kuna ushahidi mwingine ambao watu huupita: stika ya kubadilisha oili iliyobandikwa na gereji ya Japani, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Stika hiyo ina tarehe na kilomita. Mwaka wake unaweza kuwa wa kalenda ya Japani. Ukiona 平成 au herufi H, ongeza 1988: H28 ni mwaka 2016. Ukiona 令和 au R, ongeza 2018: R3 ni mwaka 2021. Alama 年 ni mwaka, 月 ni mwezi, 日 ni siku.

Stika ikisema kilomita 84,000 mwaka 2021 na ODO leo inasema 61,000, umepata jibu. Ila soma kwa haki: stika nyingi huandika kilomita za badiliko linalofuata, 次回, ambazo zimetangulia kwa elfu tatu hadi tano hivi. Tofauti ndogo ya namna hiyo si udanganyifu. Ya elfu ishirini ni jambo jingine, ama kilomita zimerudishwa nyuma, ama geji ilibadilishwa. Muuzaji mwaminifu atakuwa na maelezo na karatasi za kuyathibitisha.

Magari yaliyotoka Uingereza, hasa Range Rover, Discovery na baadhi ya BMW na Mercedes, yana mtego wa upande wa pili: namba ni ya maili. Maili moja ni kilomita 1.609, kwa hiyo 60,000 kwenye ODO ni zaidi kidogo ya kilomita 96,500. Ukiona mshale wa spidi una tarakimu kubwa za nje na ndogo za ndani, angalia zipi ndizo km/h kabla hujakutana na tochi ya trafiki.

Dalili: kurasa zipo, lakini zote ni za Kijapani

Tafuta ukurasa wa mipangilio ulioandikwa 設定. Ndani yake tafuta 言語, ambayo ni lugha. Kukiwa na chaguo la Kiingereza litaandikwa kwa herufi za kawaida, hutalikosa. Kwenye magari mengine hufiki huko mpaka gari liwe limesimama, na kitufe kinahitaji kushikiliwa badala ya kuguswa.

Kama 言語 haipo, ama hukufika mahali pake, ama gari halikuwekewa lugha nyingine kabisa. Toyota nyingi zilizouzwa ndani ya Japani ziko hivyo. Hakuna mchanganyiko wa siri wa vitufe utakaoleta lugha ambayo haimo kwenye kumbukumbu, na anayekuahidi hivyo kwa malipo ya awali mwache aende. Njia za kweli ni mbili: mtaalamu wa kompyuta za magari aandike upya programu ya kifaa chako, kama kinaruhusu, au ujifunze maneno machache unayoyahitaji. Ninapendekeza hiyo ya pili kwa moyo wote, kwa sababu maneno yenyewe hayafiki kumi na tano, na picha ya kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri inamaliza yaliyobaki.

Hifadhi haya:

平均燃費: wastani wa mafuta, kilomita kwa lita
瞬間燃費: ulaji wa mafuta wa papo hapo
航続可能距離: kilomita unazoweza kwenda kwa mafuta yaliyobaki
平均車速: mwendo wa wastani
外気温: joto la nje
半ドア: mlango haujafunga vizuri
オイル交換: badilisha oili
時計: saa
戻る: rudi nyuma
初期化: rudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani

Hilo la mwisho usilibonyeze kwa majaribio, hasa kwenye redio.

Na ile sauti ya mwanamke inayozungumza Kijapani kila ukiwasha gari? Kwa kawaida inatoka kwenye kifaa cha kulipia barabara za kulipia za Japani, ETC, kikikukumbusha kwamba hukuingiza kadi. Kiko kwenye droo ya abiria, chini ya dashibodi au karibu na kivuli cha jua. Hapa hakina kazi, na fundi umeme anaweza kukichomoa bila kugusa kingine.

Dalili: saa haikubali kurekebishwa

Redio nyingi zenye ramani huchukua saa kutoka satelaiti na kuipanga kwa saa za Japani, ambazo ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6. Ukiibadilisha, inarudi. Tafuta 時計 ndani ya 設定. Baadhi zinaruhusu kuongeza au kupunguza saa nzima nzima, nyingine hazina nafasi hiyo. Kwa mfumo wa saa 12 tofauti hiyo inaangukia sawasawa kwenye hesabu yetu: saa mbili asubuhi, skrini inaandika 2:00. Ukiiacha hivyo kwa Dar, Nairobi au Kampala haidhuru kitu. Kwa aliyeko Bujumbura tofauti ni saa 7.

Saa iliyo kwenye skrini ndogo au ile ya peke yake katikati ya dashibodi haisomi satelaiti. Hiyo hurekebishwa kwa vitufe vya H na M au kwa kijiti cha ODO. Ikipotea kila siku, nenda hapa chini kwenye dalili ya saa na TRIP kurudi sifuri.

Dalili: kilomita za mafuta yaliyobaki hazibadiliki baada ya kujaza

Hapa ndipo malalamiko mengi yalipo, na mara nyingi gari halina kosa.

Namba ya 航続可能距離 haipimwi moja kwa moja. Kompyuta inachukua mafuta inayodhani yako kwenye tanki, inazidisha kwa wastani wa ulaji wa siku za karibuni, inakupa makisio. Sasa, mtu anaingia sheli na kuweka mafuta kidogo, lita tatu au nne hivi. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa kompyuta kuamini kwamba umejaza. Flota, kile kipande kinachoelea ndani ya tanki kupima mafuta, hucheza kiasi hicho hata ukipanda kilima. Vitabu vya Toyota vyenyewe vinasema wazi kwamba ukiongeza mafuta kidogo namba inaweza isibadilike. Kwa hiyo dereva anayeweka kidogo kidogo kila asubuhi hatapata makisio ya kuaminika kutoka ukurasa huo, na hakuna fundi wa kumsaidia katika hilo. Aitazame mistari ya geji ya mafuta badala yake.

Sababu ya pili ni kujaza ukiwa umeacha swichi ON. Zima kabisa, jaza, washa, na uipe geji muda wa kutulia. Sababu ya tatu ni kuegesha kwenye mteremko wakati wa kusoma.

Ikiwa namba inashuka haraka kuliko kilomita unazokwenda, angalia ulikotoka. Umetoka barabara kuu ya Morogoro ukiwa na wastani wa kilomita 16 kwa lita, ukaingia foleni ya Ubungo ambako unapata 8. Kompyuta inafanya hesabu upya na kukupunguzia makisio. Iko sahihi.

Wastani wenyewe wa 平均燃費 unahitaji kufutwa ili uwe na maana. Kama haujafutwa tangu gari lifike, unakuonyesha mchanganyiko wa miezi mingi, na badiliko la wiki hii halitaonekana. Na usiuchukue kama hukumu. Ni makisio ya kompyuta. Kipimo cha kweli kinafanywa kwenye pampu: jaza mpaka pampu ikate yenyewe, futa TRIP A, tembea kwa kawaida yako, kisha jaza tena kwenye pampu ileile mpaka ikate. Kilomita za TRIP A gawa kwa lita ulizoweka. Kilomita 420 kwa lita 35 ni 12 kwa lita. Rudia kwa matanki mawili matatu, ndipo useme gari linakula mafuta.

Gari la soko la Ulaya litakuandikia lita kwa kilomita 100. Gawa 100 kwa namba hiyo: 8 inakuwa 12.5 kwa lita. Kumbuka kwamba hapo namba ikipanda ni habari mbaya, kinyume na ya Kijapani.

Kisha kuna hali ambayo kweli ni ubovu: tanki limejaa na geji inasema tupu, au mistari imeganda mahali pamoja wiki nzima. Jiulize: je, spidi, taa na kilomita zinafanya kazi? Zikiwa sawa, geji nzima haina lawama. Kinachoshukiwa ni flota ndani ya tanki au waya wake. Kwenye magari mengi madogo flota hufikiwa kwa kuinua kiti cha nyuma, palipo na pampu ya mafuta. Uchafu wa mafuta na kuchakaa kwa sehemu yake ya kugusana ndivyo vinavyoimaliza. Kazi hiyo ifanywe mahali penye hewa, bila sigara, bila cheche.

Dalili: gari halina geji ya joto

Halina, na hukudanganywa. Magari mengi madogo ya Kijapani yaliondolewa mshale wa joto na kupewa taa ya kipimajoto yenye rangi mbili. Bluu ni injini bado baridi. Ikizimika, joto limefika. Nyekundu ni injini imepita kiwango: simama pembeni, zima, usifungue kifuniko cha rejeta mpaka ipoe.

Ninaomba kila mwenye gari la namna hii aizoee taa ya bluu, kwa sababu inasema jambo ambalo mshale ungelisema. Inatakiwa kuwaka asubuhi na kuzimika baada ya dakika chache za kuendesha. Ikibaki bluu safari nzima, hasa ukiwa barabara kuu, injini haifiki joto lake. Themostati, yaani kilango kinachodhibiti maji ya kupozea injini, imekwama wazi, au haipo kabisa, kwa maana kuna mafundi wanaoing'oa wakiamini wanalinda injini dhidi ya kuchemka. Injini inayokimbia baridi inachomewa mafuta mengi kupita inavyohitaji, na taa ya injini inaweza kuwaka kwa kosa la P0128, linalosema maji hayafiki joto la themostati. Rudisha themostati. Kama gari lilikuwa linachemka kabla haijaondolewa, chanzo cha kuchemka kiko palepale: feni, rejeta iliyoziba, pampu ya maji au gasketi ya silinda hedi.

Kama taa hiyo haijawahi kuwaka bluu hata alfajiri ya Njombe au Limuru, washa swichi ON na uangalie kama inawaka kabisa.

Dalili: taa za maonyo zinaficha ukurasa, au haziwaki kamwe

Kwenye skrini za maandishi, onyo likija linakaa juu ya kila kitu. Bonyeza DISP au kitufe cha kurudi, ukurasa wako utaonekana, ila onyo litarudi ukiwasha tena mpaka sababu iondoke. Rangi ndizo zinazokupa haraka: nyekundu ni kusimama, njano ni kulipeleka likaangaliwe karibuni, kijani na bluu ni taarifa tu. Nyekundu yenye kopo la oili haimaanishi oili imepungua kidogo. Inasema shinikizo la oili limekosekana. Zima injini papo hapo, hata kama umebakiza mita mia moja kufika.

Kinachonisumbua zaidi ni taa isiyowaka. Kila unapoweka swichi ON kabla ya kupiga starti, taa ya injini, ya breki za ABS, ya mifuko ya hewa na ya oili zote zinatakiwa kuwaka, kisha kuzimika kila moja kwa wakati wake; ile ya injini na ile ya oili zinasubiri injini iwake. Ukiona ya injini au ya mifuko ya hewa haiwaki kabisa katika hatua hiyo, huenda mtu ameizima makusudi, kwa kuinyamazisha ndani ya geji au kuifunika. Gari la namna hiyo usilinunue mpaka lipimwe kwa kompyuta na ujue lilikuwa linafichwa nini.

Dalili: skrini ni nyeusi au hafifu

Anza na miwani yako. Miwani ya jua ya polaroidi inaweza kuifanya skrini ya kioo kimiminika (LCD) ionekane nyeusi kabisa. Ivue.

Halafu taa za mbele. Geji nyingi hupunguza mwanga wake taa zinapowashwa, kwa ajili ya usiku. Ukiziwasha mchana, tarakimu zinafifia mpaka hazisomeki. Kuna kigurudumu kidogo cha mwanga upande wa usukani, au kijiti cha ODO chenyewe kinazungushwa. Kikifikishwa mwisho, usiku unaona giza tupu.

Kama yote hayo si sababu, tazama fyuzi. Kwenye kisanduku cha fyuzi cha ndani tafuta iliyoandikwa GAUGE, METER au ECU-IG, kadiri ya gari. Ikiwa imekatika, weka ya ampea zilezile. Ikikatika tena kuna shoti, na kuweka kubwa zaidi ni kuchoma nyaya. Fyuzi ikiwa nzima na mishale inafanya kazi lakini tarakimu hazionekani, taa ya nyuma ya skrini imekufa au risasi ya kulehemu kwenye bodi yake ya umeme imeachia. Prius za kizazi cha pili zinajulikana kwa geji inayozimika na kuwaka inavyotaka kwa sababu za ndani ya bodi. Fundi wa vifaa vya elektroniki anaweza kuitengeneza bodi yako mwenyewe, na kilomita zako zikabaki zilivyo. Doa jeusi linalosambaa kama wino ni kioo chenyewe kimepasuka ndani. Hilo halirekebishwi kwa fyuzi.

Dalili: saa, TRIP na wastani vinarudi sifuri kila mara

Geji ina njia mbili za umeme. Moja inakuja na swichi, nyingine iko hai muda wote kwa ajili ya kumbukumbu. Vitu vikifutika kila ukizima gari, njia ya kumbukumbu imekatika. Kwenye Toyota fyuzi yake mara nyingi ni DOME au ECU-B, na dalili inayokwenda nayo ni taa ya ndani ya paa kutowaka. Inawezekana pia fyuzi ya aina hiyo ilichomolewa makusudi kulinda betri wakati gari linasafirishwa, na hakuna aliyeirudisha.

Vikifutika baadhi ya siku tu, hasa wakati wa kupiga starti, na mishale inaruka, ni betri dhaifu au vichwa vya betri vimelegea na kuota unga. Safisha, kaza, pima. ODO haipotei kwa sababu imeandikwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme.

Kabla ya kuchomoa betri kwa sababu yoyote, chungulia kama redio ina kadi ya SD ya ramani. Redio nyingi za Toyota zenye ramani zinasoma programu yake kutoka kwenye kadi hiyo, na umeme ukikatika zinadai kadi ileile, au namba ya kufungua. Kama kadi ilishatolewa na mtu akidhani ni ya kuhifadhia nyimbo, redio itabaki kwenye ukurasa wa Kijapani usiopita. Fundi umeme anaweza kushikilia umeme wa gari kwa betri ya pili wakati anabadilisha ya kwanza. Mwombe afanye hivyo.

Dalili: joto la nje linaandika vistari au limeganda

Sensa yake iko mbele, nyuma ya bampa. Gari likigongwa mbele na bampa kubadilishwa, sensa huachwa ikining'inia au huchomolewa kabisa. Chungulia kwa tochi kupitia grili kabla ya kununua chochote. Ikiwa inasoma juu sana kwenye foleni, hiyo ni kawaida: gari linaposimama au kwenda polepole, joto la injini na lami linaipotosha, na kompyuta husubiri mwendo kabla ya kubadilisha namba.

Geji ikilazimika kubadilishwa

Piga picha ya ODO kabla ya kazi kuanza, tarehe ikionekana, na uhifadhi risiti ya fundi. Nunua geji ya namba ileile ya modeli na aina ileile ya gia. Geji ya gari la gia za mkono haina taa za P, R, N, D. Geji ya mtumba inakuja na kilomita za gari jingine, na utakapouza ni wajibu wako kumwambia mnunuzi. Kwenye Volkswagen na Audi nyingi za miaka ya 2000, geji inabeba pia ulinzi wa ufunguo, na ukiweka ya mtumba bila kuiandika upya injini haitabaki imewaka.

Kama skrini haina kurasa unazohitaji

Passo ya bei nafuu haina ukurasa wa ulaji wa mafuta, na huwezi kuuzaa. Hapo kifaa kidogo cha ELM327 kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia gari kwa kompyuta, chini ya usukani, kinakuletea kwenye simu joto la maji, mizunguko ya injini, volti na namba za makosa. Volti injini ikiwa imezimwa ziwe kama 12.4 hadi 12.7; ikiwaka, 13.5 hadi 14.5. Kwa mwenye gari lisilo na mshale wa joto, ukurasa huo wa maji peke yake unatosha kuhalalisha ununuzi.

Usitegemee kifaa hicho kikupe kilomita za ODO kwenye magari haya, na usishtuke kikiacha wazi nafasi ya namba ya utambulisho wa gari (VIN): Wajapani hutumia namba ya chesisi yenye kistari katikati badala ya ile ya herufi na tarakimu 17. Baadhi ya magari ya zamani ya Kijapani hayazungumzi nacho kabisa ijapokuwa soketi inaingia. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akichomeke kwenye gari lako. Na kichomoe unapoliegesha gari kwa siku kadhaa, maana kinaendelea kunywa umeme wa betri hata swichi ikiwa imezimwa.